Kibodi Nzito na Anayebeba Hasara

Kakamega ni mji wa makaratasi. Kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013, hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, na mkoa mzima uliendeshwa kwa barua, nyaraka, orodha za mishahara na ripoti zilizopigwa chapa. Mahakama Kuu ina kituo mjini, na mahakama haisongi mbele bila hati za kiapo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili mwaka 2007, hutoa tasnifu kila mwaka, na karibu nacho, Lurambi na Sichirai, wapo watu wanaojikimu kwa kuwachapia wengine kazi, kuzipanga na kuzitoa kwenye printa.

Maandishi hayo yote hupita mahali pamoja, kwenye kibodi. Na bado kibodi ndicho kiungo cha kompyuta kinachonunuliwa bila kuulizwa swali hata moja. Mnunuzi atadadisi kumbukumbu, atadadisi diski, atauliza mashine ni ya mwaka gani. Kibodi huja tu, kama kifuniko cha kalamu. Ikifa baada ya miezi kadhaa, hununuliwa nyingine kwa shilingi mia chache na maisha yanaendelea.

Haikuwa hivyo siku zote. Zipo kibodi zilizotengenezwa katika miaka ya 1980 ambazo hadi leo, miaka 40 baadaye, zinafanya kazi ileile ziliyotengenezewa, herufi zake zinasomeka na kila kitufe kinaitika. Wanaozipenda huzieleza kwa mapenzi matupu: sauti yake, uzito wake, namna kidole kinavyopokelewa. Mapenzi hayo nayaelewa na ninayashiriki. Lakini kwa mji kama Kakamega kuna swali la kuuliza kabla ya kusifu: uimara ule ulitoka wapi, na ulikwenda wapi? Jibu langu ni kwamba uimara hufuata mfuko wa anayebeba hasara chombo kinapoharibika. Hasara ilipohama mfuko, uimara nao ulihama.

Tuanze na taipureta, kwa sababu kibodi ya kompyuta ni mtoto wake. Olympia, Olivetti, Remington na Imperial ndizo zilizojaza ofisi za serikali Kenya nzima kwa miongo. Katika taipureta kila kitufe ni ncha ya wenzo wa chuma. Nguvu ya kidole ndiyo inayogonga herufi kwenye utepe na karatasi. Ukitaka nakala tatu kwa karatasi za kaboni, unagonga kwa nguvu zaidi. Wanafunzi wa ukatibu waliofanya mitihani ya Pitman, na baadaye ya Baraza la Mitihani la Kenya, walifundishwa kuweka macho kwenye maandishi na kuviacha vidole vijitafutie njia kutoka safu ya kati. Vidole vya namna hiyo huhitaji jibu kutoka kwa chombo. Visipojibiwa, hurudia herufi au huiruka.

Kampuni ya IBM ilijua jambo hilo kuliko wengi, maana ilikuwa ikiuza taipureta za umeme za Selectric tangu mwaka 1961. Ilipoanza kuwapa makatibu kompyuta badala ya taipureta, haikuweza kuwapa kitu kinachohisi kama kubonyeza sifongo. Mhandisi wake Richard Hunter Harris alipata hataza mwaka 1978 kwa wazo ambalo hadi leo linashangaza kwa urahisi wake. Chini ya kila kitufe kuna springi nyembamba iliyosimama wima. Unapokibonyeza, springi inahimili, inahimili, kisha ghafla inapinda upande. Kupinda huko hufanya mambo mawili kwa mpigo: hutoa mlio na mshtuko mdogo unaofika kwenye kidole, na husukuma kipande cha chini kinachopeleka ishara kwenye kompyuta. Kwa hiyo unachosikia na kile ambacho mashine imepokea ni tukio moja. Kidole hujua kwamba herufi imeingia kabla ya kugonga chini.

Springi hiyo ilitumika katika kibodi ya Model F, iliyokuja na kompyuta ya kwanza ya IBM PC mwaka 1981, kisha katika Model M ya mwaka 1985. Ndani ya Model M kuna bamba la chuma lililopindwa kidogo kufuata mkao wa vidole, na kibodi nzima ina uzito wa zaidi ya kilo 2. Uzito huo una kazi: kibodi haitelezi mezani, haipindi katikati, na kitufe cha pembeni hujibu sawa na cha katikati. Vifuniko vya vitufe vilitengenezwa kwa plastiki ngumu ya PBT, na rangi ya herufi ilipenyezwa kwa joto ndani ya plastiki yenyewe. Herufi hiyo haichubuki, kwa kuwa haikubandikwa juu. Vifuniko vingi vinang'oka kwa mkono, vinaoshwa kwa maji ya sabuni na kurudishwa. Nyuma kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Hata mpangilio wa vitufe 101 ulioenezwa na kibodi hiyo, wenye safu ya F1 hadi F12 juu na tarakimu upande wa kulia, ndio msingi wa karibu kila kibodi iliyoko kwenye saiba za Kakamega leo.

Sasa ifungue kibodi ya kawaida ya siku hizi. Utakuta shuka tatu za plastiki laini, mbili zikiwa zimechapwa njia za umeme kwa wino wenye madini, na juu yake mkeka wa raba wenye vichuguu vidogo. Ukibonyeza, kichuguu kinaporomoka na kuzigusanisha shuka. Mguso hutokea chini kabisa, baada ya raba kuanguka, kwa hiyo mchapaji lazima agonge mpaka mwisho kila mara ili awe na hakika. Raba huchoka. Wino huliwa na unyevu, na Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Herufi zimepigwa chapa juu ya plastiki laini zaidi, nazo hufutika na kuacha kitufe kitupu kinachong'aa.

Hapa kuna hesabu inayowahusu waandishi wa Kiswahili moja kwa moja, na sioni ikifanywa. Watengenezaji wa kibodi za raba kwa kawaida huzikadiria kudumu kwa mibonyo kati ya milioni 5 na milioni 10 kwa kila kitufe. Mchapaji wa kasi ya wastani, maneno 40 kwa dakika, hubonyeza vitufe kama 240 kila dakika, pamoja na nafasi. Akichapa kwa saa 6 kwa siku, hiyo ni mibonyo 86,400. Katika Kiingereza mzigo mkubwa huangukia E, na hata hiyo haifiki herufi moja kati ya saba. Katika Kiswahili herufi A peke yake huchukua karibu herufi moja kati ya kila tano. Jina Kakamega lina A tatu. Sigalagala, jina la mahali jirani, lina nne. Ukiondoa nafasi, mchapaji wetu wa Kiswahili atakuwa anabonyeza A mara 14,000 na ushei kwa siku, na kwa siku 300 za kazi, zaidi ya mara milioni 4. Kibodi iliyokadiriwa mibonyo milioni 5 itakuwa imemaliza umri wa A yake katika mwaka mmoja na miezi michache, ilhali Q na X ni mpya kabisa. Na A hiyo inabonyezwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kile kilicho dhaifu kuliko vyote.

Ni kweli kwamba hati nyingi za mahakamani na tasnifu nyingi za chuo huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hesabu hii ni ya mtu anayechapa Kiswahili kutwa. Lakini watu hao wapo, katika shule, katika vyumba vya habari, katika makanisa yanayochapa vitabu vya ibada. Mswahili anakichosha kitufe kimoja kuliko Mwingereza, na sijui mtengenezaji wa kibodi aliyewahi kulipima hilo kwa ajili yetu.

Mpaka hapa ningeweza kuonekana kama ninayesema vya kale vyote vilikuwa dhahabu. Si hivyo, na uchambuzi unaosema hivyo unapotosha. Miaka ya 1980 ilikuwa pia na kibodi mbovu sana. Sinclair ZX Spectrum ya Uingereza, ya mwaka 1982, ilikuwa na vitufe vya raba ambavyo hakuna katibu angevivumilia kwa saa moja. IBM yenyewe, kampuni ileile, ilitoa kompyuta ya nyumbani ya PCjr ikiwa na kibodi ya vitufe vidogo vilivyotengana, na mwaka 1984 ikalazimika kuibadilisha kwa sababu ya malalamiko. Hatuzikumbuki kwa sababu zilikufa au zilitupwa. Tunachokiona leo ni kile kilichosalia, na kilichosalia daima hufanya zama zake zionekane bora kuliko zilivyokuwa.

Zaidi ya hapo, Model M inayosifiwa ilikuwa tayari imepunguzwa gharama. Model F ilisoma kila kitufe kwa bodi ya saketi isiyohitaji mguso wowote wa umeme. Model M iliibadilisha bodi hiyo kwa shuka za plastiki, jamaa wa zile za kibodi za raba, na ikaunganisha tabaka zake kwa ribiti nyingi ndogo za plastiki. Ribiti hizo hukatika kadiri miaka inavyopita. Ndiyo maana mafundi wa Ulaya na Marekani huzikwangua na kuweka skrubu na nati mahali pake. Chai ya maziwa ikimwagika ndani yake, usafi wake ni kazi ya siku nzima. Model F nayo ina sifongo ndani inayooza na kuwa unga. Hakuna chombo kisichokufa. Tofauti ni kwamba hizi zinapougua, fundi anaweza kuzifungua, kuuona ugonjwa na kuutibu kwa vitu vinavyopatikana kwenye duka la vyuma.

Basi kwa nini zilitengenezwa vile? Kwa miaka mingi IBM ilikodisha mitambo yake mikubwa na vituo vya kuandikia vilivyounganishwa nayo. Mteja alilipa kodi; mashine ikiharibika, fundi wa IBM ndiye aliyesafiri. Kila kitufe kilichokwama kilikuwa gharama ya aliyekitengeneza. Katika hali hiyo chuma, springi na plastiki ghali vilikuwa akiba. Utamaduni huo wa wahandisi uliingia ndani ya kompyuta ndogo pamoja na kibodi zake, na uliendelea kwa muda hata baada ya masharti ya biashara kubadilika.

Masharti yalibadilika haraka. Kompyuta ikawa bidhaa ya kununuliwa moja kwa moja, kampuni nyingi zikaiga IBM PC, bei zikashuka, na kila mtengenezaji akatafuta sehemu ambayo mnunuzi haitazami ili aipunguze. Mwaka 1991 IBM ilijitenga na kiwanda chake cha kibodi cha Lexington, jimbo la Kentucky, kikawa sehemu ya kampuni mpya ya Lexmark. Mwaka 1996 Lexmark iliachana na kibodi. Kampuni ndogo ya Unicomp ilichukua mitambo na bado inatengeneza kibodi za springi mjini Lexington, kwa bei inayozidi dola 100 kabla ya usafiri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini katika soko hili kizuri kilishindwa kujiuza, na sababu iko wazi: anayenunua na anayetumia si mtu mmoja. Ofisa wa ununuzi huona bei. Katibu huona vidole vyake jioni.

Mgawanyiko huo ndio unaoiumiza Kakamega. Kompyuta nyingi za saiba na za shule huingia Kenya zikiwa zimetumika, zile zinazojulikana kama ex-UK, na kibodi zinazokuja nazo ni za raba, zimekwisha kula nusu ya umri wake ng'ambo. Mwenye saiba hubandika vibandiko vya herufi juu ya vitufe vilivyofutika. Kitufe kikifa, huchomoa kingine kutoka kibodi iliyokufa zaidi. Fundi mzuri, mwenye jicho na mkono, hana la kufanya: shuka za ndani haziuzwi peke yake, na ujira wa kazi yake unaweza kuzidi bei ya kibodi mpya. Kizazi kilichotangulia kilikuwa na fundi wa taipureta aliyebadilisha utepe, akanyoosha wenzo, akatia mafuta, akalea familia kwa kazi hiyo. Kibodi ya raba haikuacha nafasi ya mtu kama huyo.

Eneo hili liliwahi kukabiliana na swali hilihili la ukarabati katika jambo kubwa zaidi. Mtaa wa Kefinco mjini umechukua jina lake kwenye mradi wa maji wa Kenya na Finland ulioanza katika Mkoa wa Magharibi mwaka 1981, mwaka uleule wa IBM PC. Katika muongo huo wataalamu wa maji vijijini walikuwa wamechoka kuona pampu za mkono zikifungwa kwa sherehe na kufa baada ya muda mfupi, kwa sababu ukarabati wake ulimhitaji fundi wa mbali na vipuri vya mbali. Wakaweka sharti jipya: pampu iwe ya kutunzwa na wanakijiji wenyewe. Pampu ya Afridev, iliyokuzwa Kenya na Malawi katika miaka hiyo, ilibuniwa ifunguliwe kwa spana moja. Sifa yake haikuwa kutoharibika kamwe. Sifa yake ilikuwa kwamba ikiharibika, anayeitegemea anaweza kuirudisha kazini. Kipimo hicho ndicho ninachotaka kitumike kwa vyombo vya kuandikia vya ofisi zetu na saiba zetu.

Kuna watakaosema kwamba muda wa kibodi umepita. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilipeleka vishikwambi katika shule za msingi, na vijana huandika kwa vidole gumba kwenye simu. Hoja hiyo inafaa kwa ujumbe mfupi. Haifai kwa tasnifu ya kurasa 200 wala kwa hati ya madai. Mahakama ilipoanza kupokea kesi kwa mtandao jijini Nairobi, Julai 2020, na baadaye kueneza mfumo huo, kazi ya kuchapa haikupungua. Kilichopungua ni kubeba faili. Aliyekuwa akiandika kwa kalamu na kumwachia karani sasa hukaa mwenyewe mbele ya vitufe.

Wengine watalalamikia kelele, na hapo wana haki kidogo. Chumba chenye kibodi kumi za springi za IBM zinazopiga kwa pamoja si mahali pa kusomea. Lakini mlio si lazima. Kampuni ya Cherry ya Ujerumani ilianza kutengeneza swichi zake za MX mnamo 1983, nyingine zikiwa hazina mlio huo, na hataza zake za awali zilipomalizika muda, viwanda vya China vilijaza soko kwa swichi za umbo lilelile kwa bei ndogo. Baadhi ya kibodi hizo zina soketi: swichi ya A ikichoka, unaichomoa kwa kikoleo kidogo na kuchomeka nyingine, bila hata kuchomelea. Kwa Mswahili na A yake, hilo si anasa. Nyingi hazina bamba zito la IBM wala vifuniko vya PBT, na ni lazima kuchagua kwa makini. Lakini zimerudisha kile nilichokikosa katika raba: kitufe kimoja kinaweza kufa na kubadilishwa bila kuizika kibodi nzima.

Sheria nayo haizuii. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, kifungu cha 86, hairuhusu tu zabuni yenye bei ya chini kabisa. Inaruhusu pia kuchagua zabuni yenye jumla ndogo kabisa ya gharama za kumiliki kifaa. Kaunti, chuo kikuu na mahakama zinaweza kuandika katika masharti ya zabuni kwamba kibodi za makatibu ziwe na swichi zinazobadilishika na vipuri vyake. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inakwenda mbali zaidi: inamtwika mzalishaji na mwagizaji wajibu wa bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Ikitekelezwa kwa dhati, hasara ya kibodi mbovu itaanza kurudi kwa anayeiuza. Hapo ndipo utaona viwanda vikikumbuka chuma. Na Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Sigalagala, kwenye barabara ya Kisumu, kina wanafunzi wa umeme na mitambo wanaoweza kufundishwa ukarabati huu katika muhula mmoja, wapate kazi ambayo fundi wa taipureta aliiacha.

Kwa wakuu wa ofisi na walimu wa maabara nina ombi dogo la vitendo. Kabla ya kuidhinisha vifaa chakavu vya stoo viuzwe kwa kilo, inua kila kibodi. Ukiipata yenye uzito wa kilo 2, igeuze usome lebo. Ikiwa imetengenezwa kabla ya 1996 na vitufe vyake vinalia kwa springi, itenge. Inahitaji kuoshwa vifuniko na kifaa cha kubadilisha plagi yake ya mviringo iwe USB, kile chenye saketi ndani, si kipande kitupu cha plagi. Kisha mpe katibu anayechapa kuliko wote ofisini.